Kabla hujalipia nyumba Dar es Salaam: maswali ninayoulizwa mezani kwangu

Mteja akishakaa, kwa kawaida huanza na mkataba: utaandikwa lini, nani ashuhudie, nitamtoza kiasi gani. Mara nyingi huwa ameshatoa fedha ya kuonyesha nia. Mimi namrudisha nyuma kidogo. Namuuliza: hiyo nyumba imeandikwa jina la nani kwa Msajili wa Hati, na wewe umejuaje? Wengi hunijibu kwamba hati wameiona kwa macho yao, dalali amewatumia picha kwenye WhatsApp.

Nilifanya kazi masjala ya ardhi kabla ya kuwa wakili, na nawaambia wateja kile ambacho kila karani wa pale anakijua: hati aliyoshika muuzaji ni nakala ya habari, habari yenyewe imo kwenye daftari la Msajili. Hati inaweza kuwa halisi kabisa, yenye muhuri na saini zote, huku daftari likionyesha zuio, yaani taarifa ya kuzuia mali isihamishwe, lililowekwa na ndugu wa muuzaji mwezi uliopita. Kwa hiyo fedha yako isitangulie daftari. Mengine yote ninayoeleza hapa yanatokana na hilo.

Nazungumzia Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar wana sheria zao na ofisi zao. Ukinunua Mbweni ya Unguja, usitumie maelezo ya Mbweni ya Dar.

"Nikinunua, ardhi inakuwa yangu milele?"

Hapana, na jibu hili huwashtua watu waliojenga maisha yao yote. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, Sura ya 113, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachopata ni haki ya kuimiliki kwa muda maalumu na kwa masharti: miaka 33, 66 au 99. Nyumba ni yako, unaweza kuiuza, kuirithisha, kuiweka rehani, lakini yote hayo ndani ya muda ulioandikwa kwenye hati.

Ndiyo maana nikipokea hati natazama tarehe ya kuanza kabla ya kitu kingine chochote. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inafika mwisho 2028. Muda unaweza kuombewa kuhuishwa, ila hayo ni maombi, yana gharama zake, na benki itasita kukukopesha kwa dhamana ambayo muda wake unakaribia kwisha. Muuzaji anayetaka bei ya hati ya miaka 99 kwa hati iliyobakiza michache hana budi ashuke.

Ichukue hati yenyewe uisome pole pole. Juu kuna namba ya hati na namba ya L.O., ambayo ni namba ya jalada la kiwanja hicho. Kisha namba ya kiwanja, kitalu na eneo: hakikisha ni kiwanja kilekile ulichoonyeshwa, si cha jirani. Halafu masharti. Wengi huyaruka, na humo ndimo imeandikwa kama kiwanja ni cha makazi peke yake au cha makazi na biashara, na kwamba kodi ya ardhi ilipwe kila mwaka. Mtu ananunua nyumba Sinza afungue duka la vipuri, kumbe hati inasema makazi tu. Ukurasa wa nyuma ndiko yanakoandikwa mabadiliko yote: uhamisho, rehani, kufutwa kwa rehani, kila moja na namba yake ya F.D., yaani namba ya usajili wa waraka huo, na tarehe. Ukiona rehani imeandikwa na huoni mahali ilipofutwa, deni linahesabika bado lipo, hata muuzaji aape kwamba alishamaliza kulipa.

Na akikuambia hati "iko benki kwa usalama", ujue iko benki kwa sababu ya mkopo. Si lazima ukimbie. Nyumba yenye rehani inanunulika, mradi benki ihusishwe, sehemu ya bei yako ilipwe moja kwa moja kwenye deni, na benki itoe hati pamoja na nyaraka za kufuta rehani. Hayo yaandikwe kwenye mkataba.

"Upekuzi unafanywaje?"

Unaandika maombi ya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, unaambatanisha nakala ya hati, unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa, unasubiri majibu kwa maandishi. Majibu yanataja mmiliki aliyesajiliwa, kiwanja, muda wa hati, na kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama. Fanya mwenyewe au kupitia wakili wako. Majibu aliyokuja nayo muuzaji au dalali hayanitoshi hata yakiwa na muhuri unaong'aa.

Upekuzi hufanywa mara mbili: kabla ya kusaini mkataba, na tena kabla ya kutoa malipo ya mwisho. Kati ya siku hizo mbili kunaweza kuingia mengi.

Kama muuzaji ana barua ya toleo tu, ile tunayoita ofa, kwa Msajili hutapata kitu kwa sababu hati haijatoka. Hapo nenda idara ya ardhi ya halmashauri uombe jalada la kiwanja lisomwe: nani aliyemilikishwa, alilipa ada zote, kuna mtu mwingine mwenye ofa ya kiwanja hichohicho? Kiwanja kimoja kumilikishwa watu wawili si hadithi, yametokea na yanaendelea kuamuliwa kwenye mabaraza ya ardhi.

Muuzaji akiwa kampuni, ongeza upekuzi wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ujue wakurugenzi ni nani, na udai azimio la bodi linaloruhusu mauzo. Akiwa ni mtu anayesaini kwa niaba ya ndugu aliye Muscat au Minnesota, dai hati ya kumpa mamlaka hayo, iliyoshuhudiwa inavyotakiwa na kusajiliwa. Kisha mpigie huyo ndugu simu ya video. Mamlaka hayo hukoma mwenye mali akifariki, na nimeona yakitumika baada ya msiba.

"Hakuna hati, lakini tutaandikishana serikali ya mtaa. Inatosha?"

Sehemu kubwa ya nyumba zinazouzwa Dar, kuanzia Manzese mpaka Chanika, zinauzwa hivi, kwa hiyo sitakuambia usinunue kabisa. Nitakuambia unanunua nini. Unanunua nyumba, na madai ya muuzaji juu ya ardhi isiyosajiliwa. Nguvu ya madai hayo iko kwa majirani na kwenye historia ya eneo, si kwenye muhuri wa mwenyekiti.

Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa kumtambua muuzaji. Si msajili wa ardhi. Ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa kwenye baadhi ya ofisi za mitaa haina sheria nyuma yake. Omba uonyeshwe kifungu. Mkataba uandikwe na wakili, kisha mwenyekiti ashuhudie kama shahidi. Kabla ya hapo kaa na majirani wa pande zote nne, uwaulize mipaka, uwaulize muuzaji alipata wapi eneo, aliwahi kugombana na nani. Mama wa nyumba ya tatu mara nyingi anajua zaidi ya ofisi nzima. Majina ya majirani hao na saini zao ziingie kwenye mkataba, pamoja na mchoro wa eneo wenye vipimo.

Baadhi ya wauzaji wana leseni ya makazi. Ni karatasi halali ya serikali, ila si hati miliki: muda wake ni mfupi, hauzidi miaka 5 kisha huhuishwa. Angalia kama imekwisha.

Halafu nenda kwa ofisa mipango miji uulize eneo limepangiwa nini. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, zikihesabiwa kuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Wenye nyumba zile walikuwa na mikataba, wengine waliishi pale miaka na miaka. Kwa barabara kuu na za mikoa, sheria ya barabara ya 2007 inahesabu mita 30 kila upande. Ufukweni na kandokando ya mito, sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na hilo linagusa watu wengi wanaouziwa viwanja vya bei nafuu karibu na mabonde. Tazama pia nyaya kubwa za umeme juu ya paa. Na tazama kuta: alama ya X ya kubomolewa, hata ikiwa imepakwa rangi mpya juu yake, huonekana ukisogea karibu.

Ukivuka jiji ukaingia kwenye kijiji, Mkuranga au Kisarawe kwa mfano, sheria inabadilika. Huko ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na anayetoa idhini ni Halmashauri ya Kijiji kwa kikao chenye muhtasari. Mwenyekiti wa kitongoji peke yake hana mamlaka hayo, hata akiwa na mhuri na daftari.

"Mwenye nyumba ni yeye, mke wake ananihusu nini?"

Anakuhusu sana. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, inakwenda mbali zaidi: inakutwika wewe mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mwenzi ameridhia. Huwezi kujitetea baadaye kwamba hukujua kama hukuuliza.

Mteja wangu alipenda nyumba Tabata. Muuzaji alileta kiapo kwamba hana mke. Tulipokwenda kuzungumza na majirani, wakamtaja mama aliyekwenda kuuguza mzazi Kilosa. Tulimsubiri. Alirudi, akasema hajaambiwa lolote, na biashara ikaishia hapo bila mteja kupoteza fedha. Kiapo kile kingefaa kumshtaki muuzaji kwa uongo, lakini kisingemrudishia mteja wangu nyumba.

Kwa hiyo ridhaa ya mwenzi iwe kwa maandishi, iambatane na picha na nakala ya kitambulisho, isainiwe mbele ya wakili na mwenzi huyo awe amekaa pale. Kama wake ni zaidi ya mmoja, anayeishi kwenye nyumba hiyo lazima aonekane. Na watu walioishi pamoja miaka miwili na zaidi wakitambulika kama mke na mume, sheria inaweza kuwachukulia kuwa wameoana, kwa hiyo jibu la "hatujafunga ndoa" halifungi mjadala.

"Nyumba ni ya marehemu baba yao, na watoto wote wamekubali."

Kukubaliana kwa watoto hakumpi yeyote mamlaka ya kuuza. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni wa kupeleka mahakamani kumpendekeza msimamizi. Wewe mnunuzi usiupokee kama idhini ya kuuza.

Kama uteuzi ulifanyika Mahakama ya Mwanzo, omba Fomu Namba 4. Chukua namba ya shauri iliyomo, uende mahakama hiyo uthibitishe kwamba shauri lipo, jina ni lilelile, na uteuzi haujatenguliwa. Hii ni kazi ya asubuhi moja. Kisha, kwa nyumba yenye hati, msimamizi anapaswa kwanza kuandikishwa kwenye hati kama mwakilishi wa marehemu, ndipo ahamishe kwako. Asiyefanya hivyo hataweza kukuhamishia, hata awe mwaminifu namna gani.

Sheria inampa msimamizi mamlaka ya kusaini peke yake. Mimi hata hivyo nadai saini za warithi wote watu wazima kwenye karatasi ya kuridhia mauzo, akiwemo mjane. Kesi za nyumba za mirathi huchukua miaka, na mara nyingi anayezianzisha ni yule mtoto mmoja ambaye "hayupo, ila hana neno". Madai ya kurudisha ardhi yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 12, kwa hiyo kimya cha leo hakikupi usalama.

"Na nikinunua flati?"

Hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia, maana jengo linapendeza na lifti inafanya kazi. Tuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008. Kwa sheria hiyo kila flati inaweza kuwa na hati yake, ambayo wengi huiita hati pacha, na mwenye flati anakuwa pia na fungu lake katika sehemu za pamoja: ngazi, paa, kisima, maegesho, ardhi iliyo chini ya jengo.

Muulize muuzaji maneno haya haya: hati ya sehemu hii imeshatoka? Akisema iko kwenye mchakato, basi kwa sasa unachonunua ni ahadi ya kampuni yenye hati mama, yaani hati ya kiwanja chote. Fanya upekuzi wa hati mama. Mjenzi mara nyingi amekopea ujenzi kwa kuweka kiwanja chote rehani, na akishindwa kulipa, benki inakuja kwenye jengo lote, flati yako ikiwamo. Dai barua ya benki inayokubali kuachia flati yako ukimaliza kulipa. Muda nao ni uleule wa hati mama: kama kiwanja kimebakiza miaka 40, flati nayo imebakiza 40, hata rangi iwe bado mbichi.

Kwa flati iliyotumika, omba kwa uongozi wa chama cha wamiliki barua kwamba muuzaji hadaiwi michango ya ulinzi, maji na lifti. Omba pia kanuni za jengo na uzisome: kama unapanga kupangisha wageni wa siku mbili tatu, huenda zinakataza. Uliza fedha za matengenezo makubwa zinatunzwa wapi. Jengo ambalo wakazi wake hawachangi, lifti ikifa utapanda ngazi mpaka ghorofa ya tisa.

Na kuna hili la Kariakoo na Upanga: kilemba. Mpangaji wa muda mrefu kwenye nyumba ya shirika anakupisha uingie wewe, unampa mamilioni, unaanza kulipa kodi kwa jina lake. Hapo hujanunua chochote. Mpangaji hana umiliki wa kukuuzia, na mwenye jengo akigundua anaweza kukutoa wewe na yeye pamoja. Nimewaona wazee wakitoa mafao yao yote kwenye kilemba, na naomba sana asiwepo mwingine.

Kama si raia wa Tanzania, hata ukiwa na mke au mume Mtanzania, sheria inakuzuia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia mamlaka husika. Usisajili kwa jina la rafiki ukitegemea karatasi ya siri kati yenu. Mahakamani karatasi hiyo haitakusaidia.

"Nilipeje, na kodi ni ya nani?"

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe kwa maandishi. Kila upande uwe na wakili wake. Wakili wa muuzaji akikuambia atawaandikia wote wawili ili mpunguze gharama, kataa, ulipe gharama ya wakili wako mwenyewe. Jina la wakili lihakikishe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, maana mihuri ya kughushi ipo.

Fedha zipite benki, kwa jina lilelile lililo kwenye hati. Gawa malipo: sehemu wakati wa kusaini, sehemu kubwa baada ya idhini ya uhamisho, na kiasi kibaki mpaka hati itoke kwa jina lako na nyumba iwe tupu. Ukishalipa awamu ya kwanza kwa nyumba yenye hati, peleka zuio kwa Msajili kulinda maslahi yako, ili muuzaji asimuuzie mwingine hati ikiwa bado kwake. Wanunuzi wachache hulitumia zuio, nami nashangaa, kwa sababu ni silaha ya bei ndogo.

Nyaraka za uhamisho ni Fomu Namba 29 ya taarifa, Namba 30 ya kuomba idhini, na Namba 35 ya uhamisho wenyewe. Zinaambatana na ripoti ya uthamini, risiti za kodi ya ardhi na hati halisi. Muuzaji mkazi hulipa TRA, Mamlaka ya Mapato, asilimia 10 ya faida aliyopata. Amesamehewa mwenye nyumba aliyoimiliki na kuishi humo kwa miaka 3 au zaidi, kama faida haizidi shilingi milioni 15. Asiye na kumbukumbu za gharama zake, tangu mabadiliko ya 2022, hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, na kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Bila cheti cha TRA Msajili hasajili, kwa hiyo kodi isiyolipwa na muuzaji inakukwamisha wewe. Kata kiasi hicho kwenye bei, ulipe mwenyewe kwa namba ya malipo iliyotoka kwa jina lake.

Mtashawishika kuandika bei ndogo kwenye mkataba. Kataa. Ukilipa milioni 80 mkaandika 30, na biashara ikavunjwa na baraza, kitakachosomwa ni 30. TRA nayo inatazama thamani iliyoidhinishwa, kwa hiyo hata kodi hamjaikwepa.

Hati ikitoka, fanya upekuzi mmoja zaidi uone jina lako kwenye daftari. Badilisha jina la mlipaji kodi ya ardhi, angalia kama mita ya LUKU ina deni, kwa kuwa tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na uchukue nakala za kila ukurasa uzihifadhi mahali pawili tofauti. Kama umegundua tatizo, nenda Baraza la Kata kwa usuluhishi kwanza. Likishindikana, chukua cheti chao ufungue shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au Mahakama Kuu kama thamani ni kubwa. Zuio lako liwe limeshafika kwa Msajili kabla hujaanza kupanda ngazi hizo.